Kabati la Mwalimu Lilipohamishwa

Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2019, majira ya saa nne usiku, niliizima sura ya zamani ya tovuti ya walimu niliyokuwa nikiitunza, nikaiwasha sura mpya. Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili waliojitolea, katika chumba kimoja mjini Morogoro, na kazi ile tulikuwa tumeifanya kwa miezi mitano, jioni baada ya shughuli zetu za mchana. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka kwenye kompyuta yangu, ukiwa na picha kubwa ya wanafunzi wanaocheka chini ya mwembe, tulipongezana, tukala chipsi mayai, tukaenda kulala tukiamini kwamba tumewapa wenzetu zawadi.

Tovuti yenyewe haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na watu wake. Ilianza mwaka 2009, mwaka ule ule ambao mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa moja tu: walimu wa shule za msingi na sekondari waliweka humo maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio na majibu yake, na mwenzao wa wilaya nyingine akachukua alichokihitaji. Chini ya kila waraka palikuwa na nafasi ya kuulizana na kusahihishana, kiasi kwamba mwalimu wa Hisabati wa Namtumbo aliweza kumwonyesha mwalimu wa Karagwe kosa lililo katika swali lake, nao wakazoeana kwa miaka bila kuonana hata siku moja. Kwa miaka 10 sura ya tovuti haikuguswa. Ilikuwa na maandishi ya buluu kwenye ukurasa mweupe, orodha ndefu ya masomo upande wa kushoto, na vitufe viwili vilivyoandikwa "Shusha" na "Pandisha".

Sababu za kuibadilisha zilikuwa za kweli, na hata leo nazitetea. Ilijengwa wakati ambapo mtu aliingia mtandaoni kwa kukaa mbele ya kompyuta katika duka la intaneti na kulipia kwa saa, kwa hiyo kwenye simu herufi zake zilikuwa ndogo kama chungu, na mtu alilazimika kuzikuza kwa vidole viwili na kuusukuma ukurasa kushoto na kulia ili amalize sentensi moja. Programu iliyoiendesha ilikuwa imeachwa na waundaji wake, na mara mbili mwaka uliotangulia wahalifu walipenya na kujaza matangazo ya dawa za ajabu katika kurasa za Darasa la Nne. Hali hiyo isingeweza kuendelea. Kosa letu halikuwa katika kuamua kubadilisha.

Ilipofika saa mbili asubuhi ya Jumapili, ujumbe wa kwanza ulikuwa umeingia, nao ulikuwa na maneno mawili: "Mtihani uko wapi?" Kufikia Jumatatu jioni ujumbe ulikuwa umepita mia, na Jumanne ulipita mia mbili. Inafaa nieleze kwa nini ulikuja kwa kasi hiyo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na mwaka ule zilikuwa zimebaki kama siku 10. Hayo ndiyo majuma ambayo mwalimu wa Darasa la Saba hulala kwa saa chache, akitafuta mitihani ya majaribio ya mikoa mingine ili wanafunzi wake wajipime kwa mara ya mwisho. Sisi tulichagua tarehe kwa kuangalia ratiba zetu wenyewe, kwa kuwa kijana mmoja kati yetu alikuwa anarudi chuoni na tulitaka tumalize kabla hajaondoka. Nilifundisha miaka sita kabla ya kuacha chaki, na kalenda ile naijua kama ninavyolijua jina langu, lakini katika miezi mitano hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja.

Ujumbe ulikuwa wa kila aina. Wengine walituita waharibifu, na mmoja aliuliza ni nani aliyetutuma. Wengine waliandika kwa upole mkubwa, wakianza kwa kutupongeza kwa kazi nzito kabla ya kueleza kwamba hawaoni chochote. Mimi niliumia, tena sana, kwa sababu katika miezi ile mitano nilikuwa nimewanyima watoto wangu jioni zao, na sasa watu nilioamini nawatumikia walikuwa wakiniandikia kana kwamba nimewaibia. Maumivu yale yalinifanya nisome vibaya. Nilikuwa nikipitisha macho juu ya ujumbe, nikiupima kwa ukali wake, nikiweka kando mkali na kumshukuru mpole, na katika kupima huko sikuona kilichoandikwa ndani yake.

Kijana mmoja kati yetu, aliyesoma mambo haya chuoni, alinifariji kwa mfano wa Facebook. Septemba 2006 kampuni hiyo iliweka kwenye ukurasa wa kwanza mtiririko wa habari za marafiki, na ndani ya siku chache watu kwa mamia ya maelfu walikuwa wamejiunga na makundi ya kuupinga, hadi Mark Zuckerberg mwenyewe akaandika kuwasihi watulie. Leo hakuna anayekumbuka kwamba mtiririko ule ulipingwa. "Watazoea," kijana akasema, na neno hilo tukalishika kama dawa kwa siku tatu nzima.

Baadaye nilikwenda kuusoma mfano huo vizuri zaidi, na nikaona kwamba tulikuwa tumeuchukua nusu. Siku chache baada ya kuwasihi watu watulie, Zuckerberg aliomba radhi, na kampuni ikaongeza mipangilio ya faragha iliyomwezesha mtu kuchagua ni habari zake zipi zitangazwe kwa rafiki zake. Mtiririko ulibaki, lakini jambo lililokuwa likilalamikiwa lilijibiwa. Tena watu wale hawakuwa na pa kwenda, kwa kuwa rafiki zao wote walikuwa mle. Mfano uliotufaa sisi ulikuwa ule wa Digg, tovuti ya Marekani ambako wasomaji wenyewe walizipandisha na kuzishusha habari kwa kura zao. Agosti 2010 ilileta toleo jipya lililowaondolea wasomaji kitufe cha kuizika habari wasiyoitaka na kuwapa wachapishaji wakubwa nafasi ya mbele. Wasomaji walijibu kwa kuujaza ukurasa wa kwanza wa Digg viungo vya kwenda Reddit, mshindani wake, kisha wengi wao wakavifuata viungo hivyo wenyewe wasirudi. Mwaka 2012 Digg iliuzwa vipande vipande. Waliobaki hawakuzoea, na wenye kampuni waligundua hilo walipokuwa wamechelewa.

Lililonitoa katika usingizi wa "watazoea" ni simu ya mwalimu mmoja mstaafu wa Newala. Alifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuweka majaribio ya ufahamu na sarufi kila mwezi, kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Namba yangu aliipata kwa mtu. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," aliitika, "Marahaba, mwanangu," akauliza habari za watoto, akauliza kama mvua imenyesha Morogoro, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Mwanangu, mmeingia darasani kwangu nikiwa likizo, mkalihamisha kabati, na kufuli mkabadilisha. Sikatai kabati jipya. Funguo ndizo ninazoziulizia."

Nilitaka kumweleza kuhusu usalama wa programu ya zamani, lakini akanikatiza kwa heshima na kuniomba nichukue kalamu. Akanitajia mambo matano, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayesomea darasa imla. Nilipoyaandika nikaona kwamba nilikwisha kuyaona yote katika ule ujumbe wa watu waliotuita waharibifu.

Usiku ule tulirudi kwenye ujumbe wote, safari hii kwa daftari na rula. Tulichora safu: nani, yuko wapi, anatumia simu gani kama ameitaja, alikuwa anajaribu kufanya nini, na ameishia wapi. Matusi tuliyaruka. Nilishangaa kuona ni ujumbe mchache kiasi gani uliobaki bila chochote cha kuandika katika safu zile, kwa sababu hata mtu aliyeanza kwa kutulaani alimalizia kwa kusema kwamba alibonyeza hapa, akasubiri, pakatokea hivi. Walimu ni watu wa kueleza hatua kwa hatua, na hasira haikuwaondolea mazoea hayo.

La kwanza na kubwa lilikuwa anwani. Tulipohamisha nyaraka tulizipa anwani mpya zilizopangwa vizuri zaidi, na zile za zamani tukaziacha zife. Hatukujua kwamba anwani za zamani zilikuwa zimesambaa katika makundi ya WhatsApp ya walimu wa kata na wilaya, katika miongozo iliyochapwa na waratibu elimu, na kwamba kuna ofisi za walimu ambako ziliandikwa kwa chaki ukutani. Kila mmoja aliyezifuata alikutana na ukurasa uliosema kwamba alichokitafuta hakipo. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti, aliwasihi wenye tovuti tangu mwaka 1998 wasibadilishe anwani za kurasa zao kwa sababu hawajui ni nani amezihifadhi na wapi. Wito huo nilikuwa nimeusoma miaka mingi kabla, na nikauona kuwa ni wa watu wenye tovuti kubwa kuliko yetu.

La pili lilikuwa dogo kwa macho, na hadi leo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ni la lugha yetu wenyewe. Walimu wa Kiswahili na wa Sayansi waliandika kwamba wakitafuta "ng'ombe" hawapati kitu, ilhali nyaraka zenye ng'ombe zimejaa. Tulidhani wanakosea kuandika, hadi tulipojaribu wenyewe kwa simu. Kumbe ile alama inayoifuata "ng" katika neno hilo ina sura mbili, na kompyuta inazihesabu kuwa alama mbili tofauti: kuna ile iliyonyooka, ambayo kitufe cha kawaida huiandika, na kuna ile iliyopinda, ambayo programu nyingi huiweka badala yake ili maandishi yapendeze. Programu yetu mpya ilikuwa imezipinda alama zote za nyaraka za zamani wakati wa kuzihamisha, lakini kisanduku cha kutafutia kiliiacha ya mtafutaji imenyooka kama alivyoiandika. Kwa hiyo ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na kung'ara vilikuwemo vyote na havikuweza kupatikana. Programu ile ilitengenezwa na watu ambao kwao alama hiyo ni pambo la kuonyesha herufi iliyoachwa, na hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kwetu ni sehemu ya sauti, na kwamba bila hiyo neno ni jingine. Sisi tulikuwa na sababu.

Kisha yalikuwepo maneno. Katika sura mpya tulibadilisha "Shusha" ikawa "Pakua", na "Pandisha" ikawa "Pakia", kwa hoja kwamba ndiyo istilahi sanifu, na ndivyo ilivyo. Lakini maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja, na kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa jua la saa saba mtu huona yanafanana. Walimu kadhaa walibonyeza "Pakia" wakitaka kupata mtihani, wakaombwa wachague faili, wakaogopa kwamba wataharibu kitu, wakatoka. Ninaiheshimu istilahi sanifu na ninaitetea kila ninapopata nafasi, ila kitufe kinasomwa kwa nusu sekunde, na maneno ya zamani yalikuwa yametofautishwa na mtu aliyekuwa na busara kuliko sisi.

Uzito wa kurasa nitautaja kwa kifupi, ingawa fedha za watu zilipotea hapo. Ukurasa wa kwanza wa zamani ulikuwa na kilobaiti 60 hivi. Mpya, kwa sababu ya ile picha ya watoto chini ya mwembe na fonti mbili tulizoziongeza, ulizidi megabaiti 2. Mwenye bando la megabaiti 50 aliyekuwa akiweza kuufungua ukurasa ule zaidi ya mara 800, sasa hakufikisha hata mara 25 bando likaisha, na hapo hajachukua mtihani hata mmoja.

Ndani ya juma moja tulikuwa tumeyarekebisha mengi ya hayo, na ujumbe wa malalamiko ukapungua. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza, kwa kuwa nilikuwa nikipima hali ya tovuti kwa wingi wa kelele. Nilipofungua kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, katikati ya Septemba ndipo nilipoona kwamba furaha yangu ilikuwa imetangulia mno. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiingia kila juma kwa miaka, na tangu Septemba mosi hawakuonekana tena. Nililinganisha majina yao na yale ya watu waliotuandikia, na karibu hakuna aliyekuwa kwenye orodha zote mbili. Waliolalamika walikuwa wamebaki na walikuwa wakihangaika na sisi. Hawa wengine waliondoka bila kusema neno.

Mmoja wao nilikuwa na namba yake, mwalimu wa Sayansi wa shule moja ya msingi wilayani Kilosa, aliyekuwa akipandisha michoro ya maua na mifupa aliyoichora kwa mkono na kuipiga picha. Nilipompigia na kumuuliza mbona amepotea, alishangaa kusikia sauti yangu. "Nilidhani mmefunga, Mwalimu," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameamini kwamba tovuti imekufa, kama mambo mengi ya kujitolea yanavyokufa, na alikuwa amesikitika kidogo kisha akaendelea na kazi zake.

Ijumaa moja ya Oktoba nilipanda basi hadi Kilosa, kisha bodaboda, nikamkuta katika ofisi ya walimu akisahihisha madaftari. Nilimwomba afungue tovuti kama alivyozoea, na nikajizuia kusema chochote. Simu yake ilikuwa ndogo, kioo chake kimepasuka kutoka pembeni, na kidole gumba chake kiliacha vumbi la chaki kila kilipogusa. Alitumia Opera Mini, kivinjari ambacho huupitisha ukurasa kwanza kwenye seva za kampuni yake, ukapunguzwa uzito, ndipo ukaletwa kwenye simu, na kwa mtu anayehesabu kila megabaiti hicho ni kivinjari cha busara. Ukurasa wetu ulifunguka. Orodha ya masomo haikuwepo, kwa sababu tulikuwa tumeificha nyuma ya mistari mitatu juu ya ukurasa kama tovuti zote za kisasa zinavyofanya. Akabonyeza mistari ile. Ukurasa ukajipakia upya, ukarudi ulivyokuwa. Akabonyeza tena. "Huwa inaishia hapa," akaniambia kwa upole, kana kwamba ananiomba radhi. Menyu yetu ilitegemea programu ndogo inayopaswa kuendeshwa ndani ya simu yenyewe, na kwa njia ile ya kuletewa ukurasa uliokwisha kuandaliwa, menyu ile haikuweza kufunguka. Kwake yeye tovuti yote ilikuwa ni picha ya watoto na mistari mitatu isiyofanya kazi.

Kisha akavuta mtoto wa meza akatoa kaunta buku, jalada lake limevikwa karatasi ya kaki na juu yake nailoni. Alikuwa amepiga safu nne kwa rula: Somo, Darasa, Anwani, Njia. Chini ya "Njia" aliandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ule wa ubaoni: "MASOMO. Shuka mara tatu. Kiungo cha nne. SHUSHA. Subiri." Kurasa 11 zilikuwa hivyo. Hakuwa ameziandika kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa yeye alijua njia kwa vidole. Aliziandika kwa ajili ya walimu wenzake watano wa shule ile, ambao wawili kati yao walikuwa hawajawahi kutumia intaneti kwa kitu chochote isipokuwa WhatsApp, na nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari ilikuwa imebandikwa ukutani, kando ya ratiba ya vipindi. Nilipoiangalia nikakumbuka kwamba kila kitu kilichoandikwa pale tulikuwa tumekibatilisha kwa usiku mmoja tukila chipsi.

Sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole, nikamwomba ruhusa ya kuzipiga picha zile kurasa. Akakubali, akanitafutia na kiti kilicho karibu na dirisha ili mwanga uwe mzuri.

Niliporudi Morogoro tulifanya kazi tofauti na ile ya kwanza. Tulizifufua anwani zote za zamani, moja moja pale ilipobidi, ili kila mmoja anayeifuata afikishwe kwenye waraka ule ule mahali ulipo sasa. Orodha ya masomo tuliitoa nyuma ya ile mistari tukaiweka wazi juu ya ukurasa, kwa mpangilio ule ule wa zamani, ili "kiungo cha nne" kibaki kuwa cha nne. Vitufe vilirudi kuwa "Shusha" na "Pandisha". Picha ya watoto tuliiondoa. Sura ya zamani yote tuliiweka pembeni kwa anwani yake, isomwe tu bila kupandishiwa kitu kipya, kwa mfano wa Reddit ambayo ilipobadilisha sura mwaka 2018 iliiacha ya zamani ikipatikana kwa anayeitaka. Hata hivyo herufi kubwa tulizibakiza, na programu mpya tuliibakiza, ingawa walikuwepo walioandika kwamba kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Kwa hao nilijibu mmoja mmoja, nikieleza kuhusu wale wahalifu na kurasa za Darasa la Nne, na wengi walielewa walipoelezwa, jambo lililonifanya nijiulize kwa nini sikuwaeleza mapema.

Januari 2023 jambo linalofanana na hilo lilitokea mahali pakubwa, na nililifuatilia kama mtu aliyewahi kuungua anavyoutazama moto wa jirani. Wikipedia ilikuwa ikipokea sura mpya ya kompyuta, badiliko kubwa la kwanza kwa zaidi ya miaka 10, iliyopunguza upana wa maandishi, ikahamishia orodha ya yaliyomo upande wa kushoto na kubadilisha mahali pa vitufe kadhaa, kikiwemo cha kuchagua lugha. Kelele zilisikika katika lugha nyingi, lakini waliotajwa sana katika habari walikuwa wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili, waliopiga kura kwa kauli moja kutaka sura ya zamani irudishwe. Wengi niliozungumza nao waliiona kura ile kuwa ni ukaidi wa watu wachache wasiopenda mapya. Mimi sikuweza kuisoma hivyo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na imejengwa kwa mikono michache ya watu wasiolipwa, wanaotafsiri, wanaosahihisha na wanaofundishana. Jumuiya ndogo ya namna hiyo inapokubaliana yote bila hata mmoja kutofautiana, ninachotaka kukiona kwanza ni kaunta buku lao, yaani orodha ya mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa vidole na ambayo sasa yanawachelewesha. Aliyejiandikisha aliweza kuichagua tena sura ya zamani katika mipangilio yake, na hilo ni jambo jema. Lakini mhariri wa kujitolea haipimi kazi yake kwa kinachomtokea yeye pekee, maana anamfikiria pia msomaji asiye na akaunti, ambaye hana mipangilio ya kubadilisha.

Sisi wenyewe tulibadilisha sura kwa mara ya pili Desemba 2023, shule zikiwa zimefungwa. Safari hii hatukumuuliza mtu kama anaipenda, kwa sababu tulikwisha kujifunza kwamba mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo hujibu kwamba inapendeza. Tulimwomba kila mmoja, kwa simu yake mwenyewe na kwa bando tulilomlipia, atutafutie mtihani wa majaribio wa Hisabati wa Darasa la Saba, nasi tukakaa kando yake tukiandika mahali kidole kinaposita. Tulianza na wale walioondoka kimya mwaka 2019, niliowatafuta kwa simu kwa majuma kadhaa, na wa kwanza alikuwa yule wa Kilosa. Alisita mara mbili. Sehemu zote mbili tulizibadilisha kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Tangazo la badiliko tuliliweka juu ya ukurasa mwezi mmoja kabla, likiwa na tarehe, sababu na namba ya kupiga, na kwa wote waliokuwa na waraka wa maelekezo ukutani tulituma mwingine wenye hatua mpya, ulioandikwa na mwalimu wa Kilosa mwenyewe kwa mwandiko wake, kwa kuwa wa kwetu uliochapwa ulieleza mambo mengi kuliko yaliyohitajika.

Siku ya tatu baada ya badiliko hilo, mwalimu wa Newala alinipigia. Nilikaa sawa kabla ya kupokea, nikavuta na kalamu karibu. Tulisalimiana kama kawaida yetu, akauliza habari za watoto na za mvua. Kisha akaniambia nifungue jaribio la sarufi lililowekwa jana yake na mwalimu mmoja kijana, nishuke hadi swali la saba, kwa sababu katika yale majibu manne mawili ni sahihi, na watoto wataonewa. Nilifungua, nikaona kweli. Nikamwuliza sura mpya anaionaje. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani mmebadilisha?"